Maji Yanayonuka Dawa

Shule niliiacha darasa la sita kwa miguu yangu mwenyewe, nikaapa sirudi. Mafuriko yakanirudisha. Mto ulipopanda ukaumeza mtaa wetu, watu wote tuliingizwa kwenye madarasa ya shule, na familia yetu ikapewa nini? Darasa la sita. Mungu naye ana utani wake.

Mtaani naitwa Kiroboto, kwa sababu sikai. Nimejifunza kuchomelea vyuma, nikaacha. Nimejifunza kupaka rangi magari, nikaacha. Injinia wa shirika la misaada aliponiona nazunguka tangi lake kama kuku anayetafuta pa kutagia, akaniuliza, "Unajua mashine?"

"Kuziwasha najua."

"Na kuzizima?"

"Hiyo utanifundisha, dada."

Akacheka, akanikabidhi pampu. Mwanamke wa makamo, mfupi, buti kubwa kama za kuazima. Kazi yenyewe rahisi: pampu inavuta maji ya mto, yanaingia tangini, Injinia anatia dawa ya kuua vijidudu, tunangoja, halafu tunafungua mabomba. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kunaniua mimi. Foleni imefika getini, ndoo zinagongana, akina mama wananitukana, na yeye anatazama saa tu. "Bado."

Halafu tumbo la kuhara likaingia. Lilianza madarasa ya chini, likapanda kama linafanya mitihani, likafika kwetu. Likamshika mtoto wa dada yangu, kadogo, ndiyo kwanza kanajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Macho yakaingia ndani. Dada akahamia naye kwenye hema la wagonjwa. Nesi akatuambia bila kuzunguka: "Leo tumemrudisha. Likimpata tena kabla hajapata nguvu, msinilaumu."

Nilitoka pale nikatembea uwanja mzima, nikarudi, nikatembea tena. Nilitaka kumpiga mtu, sikujua nani.

Kinyozi alijua. Huyu kinyozi wetu alipoteza duka lakini mdomo aliokoa. "Ni haya maji ya dawa!" alikuwa anapiga kelele kwenye foleni. "Yananuka kama sakafu ya hospitali. Tulikunywa mto miaka yote, nani alikufa?"

"Baba yako," mtu akamjibu.

"Baba yangu alikufa na uzee! Kesho nang'oa hiyo pampu."

Injinia alichukua kichupa chake cha kupimia, akakinga maji bombani, akatia kidonge. Yakawa ya waridi. "Dawa ipo," akaniambia. "Hapa hayana kosa. Sasa nataka kuyaona yakishafika nyumbani. Twende kwenu."

Mama alitupokea vizuri. Ndoo ina kifuniko, kikombe kimesuguliwa mpaka kinang'aa. "Karibu mwanangu, kunywa, maji ya kwako mwenyewe haya."

Injinia hakunywa. Alimimina kidogo kwenye kichupa, akatia kidonge, akatikisa. Meupe. Akatikisa tena. Meupe pe.

"Mama, haya ni ya bombani?"

"Ya bombani," mama akasema.

Halafu akanitazama mimi. Kila mtu aliyelelewa na mama analijua lile jicho. Maana yake: fungua mdomo uone.

Na mimi najua. Namwona kila asubuhi. Anajaza ndoo bombani, halafu anaongeza kopo moja la maji ya mto, anakoroga, anaonja, kama mtu anayepooza maji ya kuoga. "Nayavunja makali," ndivyo anavyosema. Chai ikawa haina harufu. Majirani wakaonja chai ya mama, wakauliza siri, na mama hana choyo. Akawafundisha darasa zima, nao wakafundisha madarasa mengine.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mara nje kukasikika vyuma. Kinyozi hakungoja kesho. Tulipofika mtoni alikuwa na wanaume wenzake na mitaimbo, wameshalegeza mguu mmoja wa pampu, na umati nyuma yao unashangilia.

"Kiroboto, kaa pembeni," akasema. "Mpwa wako mwenyewe amelazwa, unamlinda huyu?"

Kama pampu ingeng'oka, yule mtoto angetoka hemani kuja kunywa mto mtupu. Sikupanga maneno. Mimi sijui kupanga.

"Dawa haina kosa! Mnaichanganya na maji ya mto! Nyinyi wote! Kopo moja, makali yavunjike. Si ndivyo mlivyofundishwa? Aliyewafundisha ni mama yangu!"

Mitaimbo ilisita. Halafu mwanamke mmoja akasema, taratibu, "Kumbe mama Kiroboto ndiye aliyenilazia watoto." Na mwingine akaongeza yake, na mwingine. Mama alikuwa amesimama nyuma na kile kikombe chake mkononi. Hakujitetea. Natamani angenitukana.

Nikamgeukia Injinia, maana hasira ilikuwa haijaisha. "Na wewe! Unajua yanavyonuka? Wewe unakunywa ya chupa!"

Akapanda hadi bombani na watu wote nyuma yake, akakinga kwa viganja, akanywa. Uso ukamkunjamana kama ameuma limau.

"Mabaya," akasema. "Mabaya sana. Mmenivumilia."

Wengine wakacheka. Kinyozi alijaribu kutocheka, akashindwa.

"Naweka dawa nyingi kwa sababu maji yana tope," akaendelea. "Tope linakula dawa. Nikipata tangi la pili, tope litulie huko kwanza, dawa itakuwa kidogo na harufu itapungua. Mwenye tangi?"

Nyuma ya jiko la shule kulikuwa na la chuma, limetoboka kwa kutu. Nikasema naliziba mimi. Watu wakaguna, maana wananijua. Kinyozi akaleta jenereta la marehemu duka lake, na ndiye aliyenishikia mabati huku akinikosoa kila mshono. Niliziba, tukajaza, likavuja, nikaziba tena. Mara tatu nilitupa koleo nikaondoka. Injinia hakuniita. Nilijirudisha mwenyewe, maana kila nikipita kwenye hema namwona dada anampepea mtoto.

Darasani mama alikuwa amehamishia godoro lake ukuta wa mbali. Chakula changu anakiweka sakafuni, anageuka. Nikimsalimia, anasalimia dirisha.

Maji ya matangi mawili yalipoanza kutoka, hakuna aliyeimba. Watu walinusa, wakatazamana, wakajaza. Mtoto akatolewa hemani, mwepesi kama shati, lakini analia kwa sauti, na dada akasema hicho kilio ni dawa tosha.

Siku ile mama akaja na ndoo. Foleni ikampisha, siyo kwa heshima, kwa kumkwepa. Yule wa kwanza kumsema akaguna kwa nguvu asikike. Mbele yake mama ana njia mbili: kulia bombani, kushoto mtoni, na mimi nimesimama hapo katikati, mkono kwenye koki, sijui niseme samahani au nini.

Akasimama. Akanusa hewa ya bomba.

"Pisha," akaniambia.

Nikapisha. Akatega ndoo, nikafungua.