Mkasi Hauazimwi

Katika karakana ile ya magauni ya harusi kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote, na kila aliyeingia aliijua kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi: mkasi wa mkataji hauguswi. Hauazimwi, haukatii karatasi, haukatii hata kamba ya kiatu. Mkasi wa kitambaa ukizoeshwa karatasi unakuwa butu, na mkasi butu juu ya hariri ni sawasawa na kuitafuna kwa meno. Mkataji mwenyewe, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, aliwahi kumnunia mwenye karakana wiki nzima kwa kumkuta anafungulia bahasha kwa mkasi wake. Na aliyeomba radhi ni bosi.

Sasa sikiliza yaliyomkuta mkataji huyo.

Alishika mimba. Mimba ya kutafutwa hiyo, baada ya miaka ya kuulizwa “bado tu?” na watu wasio na haya usoni. Siku aliyojua alicheka, akalia, halafu akafungua droo ya pembeni ya kitanda, akatoa vidonge vyake vya sonona, akavimwaga chooni vyote. Hakumuuliza daktari, hakumuuliza mume. Vidonge vile ndivyo vilivyomsimamisha kwa miguu yake miaka yote ile, lakini alijiambia kwamba yeye ni mtu mzima, atavumilia, na mtoto hawezi kuvumilia. Ni mawazo ya mama, nani atamlaumu? Mimi simlaumu. Ila alikosea.

Mumewe alikuwa fundi kufuli, na fundi hasa, hakuna mlango mjini uliomshinda. Lakini nyumbani kwake mlango wa bafuni ulikuwa na tundu mahali pa kitasa. Wageni walicheka, wakasema mganga hajigangi. Hawakujua kwamba kitasa kile alikitoa mwenyewe, zamani, siku aliyolazimika kuvunja mlango ili amfikie mkewe akiwa bado hai. Tangu siku ile hakikurudishwa. Anayeoga anakohoa, na maisha yanaendelea.

Mama mkwe alikuja kukaa nao tumbo lilipoanza kuonekana. Mama mwema, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Aliposikia habari ya vidonge alipiga makofi.

“Umefanya la maana, mwanangu. Dawa za kichwa si za kumnywesha kiumbe. Sisi tulizaa bila hata kidonge cha homa, na huyu mumeo si huyo hapo, ana kasoro gani?”

“Anakoroma,” alisema Mkataji, na wote watatu wakacheka. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa muda mrefu.

Kwanza usingizi ulimpaa. Kisha chakula kikawa kama kutafuna pamba. Alikuwa anaamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala, anakaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi mpaka mumewe amvishe. Aliulizwa, akasema ni mimba tu. Mimba inasingiziwa mengi.

Halafu akakata mikono miwili ya kushoto.

Mtu asiye fundi hataona ubaya. Lakini gauni lina mkono wa kulia na wa kushoto, na ili upate wa pili unaigeuza karatasi ya kipimo, basi. Mwanafunzi hulikosea jambo hilo mwanzoni, anachekwa, na halikosei tena maisha yake yote. Mkataji aliyekuwa akifundisha wengine alisimama mbele ya meza yake na lesi ya watu imeharibika, akiitazama kama kitu kilichofanywa na mtu mwingine.

Jirani yake wa cherehani alikuwa mwanamke mnene waliyemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kifuniko. “Bibi harusi huyu atapunga upande mmoja tu,” alisema Chiriku, na karakana nzima ikaangua kicheko. Mkataji hakucheka. Hakukasirika pia, na hilo ndilo lililomkaa Chiriku rohoni. Alisema “samahani” kwa sauti ndogo, akaikunja lesi.

Jioni ile mumewe alimuuliza kama waende kwa daktari.

“Unataka nizinywe zile dawa?” aliuliza Mkataji.

“Uamuzi ni wako, mke wangu. Lolote utakaloamua, niko nyuma yako.”

“Nyuma yangu. Mbona hukai pembeni yangu?”

Mwanamume aliinama kuvua viatu. Ukweli ni kwamba aliogopa. Akisema “kunywa,” mtoto akazaliwa na tatizo, atajiangaliaje? Akisema “usinywe,” tundu la mlango wa bafuni lilikuwa linamkodolea macho. Kwa hiyo alimwachia mkewe mzigo wote na kuuita heshima. Wanaume wengi wema hufanya hivyo.

Siku zikasogea, zikambana. Mtoto alianza kucheza tumboni, jambo ambalo Mkataji alilingoja kwa miaka, na alipolisikia hakusikia furaha yoyote. Hapo ndipo alipoogopa sana. Alianza kuamini kwamba mtoto yule angepata mama bora akimpata mwingine.

Kazi zilipokwisha siku moja, alifuta mkasi wake kwa kitambaa laini, akautia mafuta kidogo kwenye msumari wa katikati, akaenda kwa Chiriku.

“Shika.”

“Nikukatie nini?” Chiriku hakuinua hata kichwa.

“Hapana. Kaa nao. Uwe wako.”

“Na wewe utakatia nini?”

“Sitauhitaji,” alisema Mkataji, na akatabasamu.

Lilikuwa tabasamu zuri, tulivu, na lilimtisha Chiriku kuliko kilio. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikosa neno. Aliuviringisha mkasi ndani ya kanga, akachukua mkoba, akamfuata mwenzake mpaka kwake. Njiani alizungumza juu ya bei ya vifungo, maana alihofia akinyamaza Mkataji atageuka amwambie arudi.

Waliwakuta mama mkwe anamenya vitunguu na mume ametandaza kufuli la mtu mezani. Chiriku hakuketi. Aliweka mkasi katikati ya skrubu za lile kufuli.

“Shemeji, mkeo kanipa huu.”

“Si mkasi tu?” alisema mama mkwe. “Umepewa zawadi, shukuru.”

Mwanamume alikuwa amekwisha kusimama. “Mama, mimi mumewe sijawahi kuruhusiwa kuugusa.” Alimgeukia mkewe, na safari hii aliuliza neno lenyewe, bila kulizunguka. “Unataka kujiua?”

Kisu cha vitunguu kilinyamaza.

“Sitaki kufa,” alisema Mkataji. “Ila sijui kama nitaweza kuendelea kuishi hivi.”

“Mficha maradhi kifo humuumbua,” alisema Chiriku, akiuviringisha mkasi tena ndani ya kanga. “Tunakwenda hospitali sasa hivi. Chukueni viatu.”

Walimkuta daktari yule yule aliyempa vidonge zamani, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakumgombeza kwa kumwaga dawa. Alimuuliza maswali magumu kwa upole, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaacha Mkataji naye aulize.

“Mtoto atadhurika?”

“Sitakuambia hakuna hatari kabisa, nitakuwa nakudanganya. Dawa hii wajawazito wengi wameitumia, na wengi wao wamejifungua salama. Wako watoto wanaozaliwa wakitetemeka kidogo au wakilialia siku za mwanzo. Tunawaangalia kwa karibu, na kwa kawaida hupita.”

“Na nisipokunywa?”

“Huli, hulali, na leo umegawa mkasi wako. Hiyo nayo ni hatari, na huyo mtoto yumo humo humo ndani yako, hana pengine pa kwenda.”

“Ungekuwa wewe, daktari?”

“Ningekunywa. Na ningeogopa kama unavyoogopa.”

Aliwaambia dawa haifanyi kazi papo kwa papo, wasubiri wiki kadhaa, na kwa muda wote huo asiachwe peke yake hata kidogo. Akawapangia siku ya kurudi, siku ya karibu sana.

Asubuhi kidonge kilikuwa mezani juu ya kisahani. Kidogo hivi, huwezi kuamini kwamba watu wazima watatu walikuwa wanakiogopa.

“Mimi nasema wazi, sikubali,” alisema mama mkwe. “Nimekula chumvi nyingi, sijaona mja mzito akinyweshwa haya.”

Mkataji alikishika, akakirudisha. Mtoto alicheza. Machozi yakamtoka. Alisema kwamba akikinywa na mtoto akazaliwa na kasoro, watu watasema ni yeye, na yeye mwenyewe atasema ni yeye, mpaka anaingia kaburini.

Mumewe alikuwa amekaa ng'ambo ya meza. Alinyanyua kiti chake, akazunguka, akakiweka pembeni ya mkewe, bega kwa bega.

“Mimi nataka unywe,” alisema. “Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo. Likitokea lolote, watu wakiuliza, waambie mume wangu ndiye aliyesema. Nitasema hivyo hivyo hata mbele ya huyo mtoto.”

Mkataji alikitia kidonge mdomoni. Kisha glasi ya maji ikasukumwa mbele yake, na mkono ulioisukuma ulikuwa wa mama mkwe.

“Usimeze kikavu, kitakukwama,” alisema kwa hasira, na akaenda jikoni kulia peke yake.

Wiki za kwanza hazikuwa na nafuu. Walimlinda kwa zamu, nyumbani mume na mama mkwe, karakanani Chiriku, aliyesogeza cherehani yake ikakaa karibu na meza ya kukatia. Mkataji hakukata, alipewa kazi ya kushona shanga, akazishona kama mtu aliye mbali. Lakini siku moja alikula sahani nzima. Siku nyingine akalala mpaka jua likampiga usoni.

Kisha asubuhi moja, akiwa na shanga mkononi, alisikia sauti anayoijua. Akainua kichwa. Chiriku alikuwa anakata karatasi ya kipimo, kavu, ngumu, kwa mkasi ule.

“Unafanya nini wewe?”

“Nakata karatasi,” alisema Chiriku bila kumtazama.

“Kwa mkasi wangu?”

“Si ulinipa.”

Mkataji alisimama na shanga zikamwagika. “Nilikupa, sikukuambia uuchinje. Huna akili? Umekaa karakana hii miaka yote hii hujui mkasi wa kitambaa? Lete hapa. Tazama, tazama makali yalivyokwisha, huu hata ugali hauukati. Mtu mzima ovyo.”

Chiriku aliuachia mkasi, akajifunika uso kwa nguo aliyokuwa akiishona, akalia kwa kwikwi.

“Na unalia nini? Wa kulia ni mimi.”

“Nimekata karatasi mbele yako kila siku tangu uanze dawa,” alisema Chiriku ndani ya ile nguo. “Kila siku. Hukuwahi kuona.”

Mkataji alitazama chini ya cherehani ya mwenzake. Vipande vya karatasi vilikuwa vimejaa ndoo, visivyo na umbo wala kazi, vimekatwa ili vikatwe tu. Bado aliogopa. Angeogopa mpaka siku ya kujifungua, na labda baada ya hapo. Mtoto alimpiga teke la ubavuni, na safari hii lilimuuma, akashika pale lilipouma na kuuacha mkono hapo.

“Nipe jiwe la kunolea,” alisema.