Mama Mkwe Alipokuwa Naibu Waziri

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga gizani, nikajua mama mkwe ameniwahi kuamka na tayari amekuwa Naibu Waziri.

"Ingia!" aliita kutoka jikoni. "Sema upesi, nchi inaningoja."

Alikuwa amevaa miwani ya marehemu baba mkwe, imemshukia puani. Chai ilikuwa inachemka nyuma yake. Nikasimama wima nikiwa na nguo yangu ya kulalia.

"Mheshimiwa, baba mkwe wangu alimwachia binti yangu, mjukuu wake, nyumba hii. Mtoto bado mdogo, kwa hiyo wadhamini wanamshikia mpaka akue. Ndiyo hiyo inayoitwa amana. Upande mmoja tunaishi, wa pili tumepangisha. Sasa sheria inaitoza amana kodi ya juu kabisa, sawa na matajiri, na pango linalobaki halitoshi hata kuziba paa. Wadhamini wamesema sheria isipobadilika, wanauza."

"Kwa hiyo unataka kukwepa kodi!"

"Sivyo, nimesema—"

"Usinipayukie! Mimi ni serikali!"

"Mama, kunywa chai kwanza, usinifokee."

Tukacheka mpaka miwani ikaanguka. Lakini alipoiokota aliipangusa taratibu, akayatazama yale madirisha ambayo mumewe aliyapachika kwa mikono yake. Mume wangu, dereva wa malori, alikuwa safarini. Vita hivi vilikuwa vyetu sisi wawili.

Aliyenitia humo ni mwalimu wa sheria wa darasa la jioni ninalosoma, tunayemwita Bwana Suti. Mchana kazi yake ni kuwashawishi wakubwa serikalini, faraghani, kwa niaba ya familia zenye mali, kabla mswada haujafika bungeni. Familia hizo zilitaka kodi ya amana zote ishushwe. Aliposikia habari ya nyumba yetu akaniambia, "Dada, twende wote kwa Naibu Waziri. Mimi wameshanichoka sura." Basi kila alfajiri tukawa tunafanya mazoezi jikoni.

Siku ikafika. Chumba kilikuwa na zulia zito, kiyoyozi kinavuma, na meza inayong'aa hadi nikakiona kidevu changu humo. Naibu Waziri mwenyewe, mama wa makamo, alimsikiliza Bwana Suti hadi mwisho, kisha akayasukuma makaratasi yake pembeni.

"Kila mwaka mnakuja kuwatetea matajiri. Na wewe binti, wamekuleta uje kunililia?"

Sauti ile ile ya jikoni. Miwani imeshuka puani vile vile. Maneno yakaniponyoka:

"Mama, kunywa chai kwanza, usinifokee."

Bwana Suti akafumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

"Samahani, mheshimiwa," nikasema. "Mama mkwe wangu amekuwa wewe wiki nzima."

"Amekuwa mimi? Wapi?"

"Jikoni. Ili nizoee kusema nawe."

"Na huyo mimi wa jikoni ni mkali?"

"Anakushinda mbali."

Akaangua kicheko, akapangusa machozi, akaagiza chai kweli. "Haya, niambie yale uliyomwambia yeye."

Nikamwambia yote. Kisha nikaongeza jambo ambalo hatukulipanga: kama amana za matajiri ni mzigo, ziachwe kwanza, amana ya mtoto mdogo itozwe kama kipato cha mtoto mwenyewe, yaani kodi ya chini. Niliogopa kumtazama Bwana Suti. Akakuna shingo, akacheka kidogo.

"Hili la watoto naliunga mkono, mheshimiwa. La kwetu tutarudi nalo."

"Hilo sina wasiwasi nalo," Naibu Waziri akajibu. "Nyie kurudi hamchoki. Kifungu cha watoto niletee kesho."

Wiki chache baadaye, mchana wabunge walipoupigia kura mswada, tulikuwa tumeibana redio katikati yetu kwenye kochi. Kifungu chetu kikasomwa. Kikapita. Simu ya mdhamini ikaingia papo hapo: nyumba haiuzwi! Mama mkwe akarusha kandambili juu, akanikamata kiuno, tukazunguka sebule nzima tukipiga vigelegele na kupindua stuli.

Binti yangu akatoka chumbani, usingizi umemjaa usoni, nywele zimelala upande mmoja. Bibi yake akampigia magoti.

"Mjukuu wangu! Hawaiuzi tena! Nyumba ni yako!"

Akamtazama bibi yake. Akanitazama mimi. Akaitazama stuli iliyolala miguu juu.

"Kama ni nyumba yangu, msipige kelele."