Akili Iliyovunjwa Makusudi

Dada yangu kazi yake ni kuunda akili ndani ya kompyuta, ili aone habari zinavyosafiri kichwani mwa mtu. Zamani nilikuwa namtania aanze na kichwa chake. Siku hizi namvulia kofia, na asiyetaka anune.

Baba yetu ni seremala. Tangu apigwe kiharusi, akitaka nyundo anaomba msumeno, akitaka kikombe anaomba sahani. Kaka mkubwa akakata shauri: mzee hajui tena kitu, karakana iuzwe. Aliyasema hayo mbele ya baba kana kwamba anaongea mbele ya kabati. Nilichemka.

Dada hakubishana. Alishinda karakanani akisikiliza makosa ya baba, kisha akatuita mezani, baba akiwemo, akawasha kompyuta. Kwenye kioo, picha ya kitu iliingia, ikapita kwenye maana, likatoka jina.

"Hii ni nzima. Sasa naivunja," akasema.

Akakata njia ya kuingia kwenye maana, akaionyesha nyundo. Kompyuta ikajibu: ndizi. Akarudia. Ikajibu: mvua.

"Kaka, umewahi kumsikia baba akiita nyundo ndizi?"

"Hata siku moja."

Akaiunganisha njia hiyo, akadhoofisha ile ya kutoka kwenye maana kwenda kwenye jina. Nyundo ikawa msumeno. Kikombe kikawa sahani. Alikuwa baba mtupu yule.

"Mnaona? Maana haijaguswa. Anajua fika anachotaka, ila akilifuata neno, mkono unaangukia neno lililo jirani nalo."

Nilitamani nimbebe dada yangu mabegani nimzungushe mtaa mzima.

Kaka akageuza kiti, akamtazama baba usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue.

"Baba, nisamehe. Karakana tuiuze?"

Baba alihangaika na midomo mpaka jasho likamtoka.

"Ndiyo," akasema.

Lakini baba alikunja uso, akapiga meza kwa mkono wake mzima, akauchukua ufunguo wa karakana uliokuwa mbele ya kaka, akautia mfukoni mwa shati.

"Ndiyo!" akarudia, machozi yakimlenga.

Dada alifungua mdomo aeleze, lakini kaka alimwahi.

"Amesema hapana," akasema. "Nimekusikia, baba. Haiuzwi."