Yai Lililokataa Mswaki

Mwalimu Ndila alikuwa amefundisha shule ya msingi ya Maungu miaka tisa bila mtoto yeyote kuyaona meno yake. Si kwamba hakuwa nayo. Yalikuwa yametimia, mazima, ila yana rangi ya kahawia. Kwao walikunywa maji ya kisima yenye madini mengi ya floraidi, na maji yalimwachia alama ambayo hakuiomba. Kwa hiyo alicheka amefumba mdomo, akasoma ameinua kitabu hadi puani, na watoto wa gredi ya tatu wakamwona mkali kupindukia. Hilo halikumsumbua. Afadhali kuogopwa kuliko kuchekwa.

Kisha ikafika mada ya meno.

Kitabu cha mwalimu kilitaka yai jeupe lilazwe ndani ya chai ya rangi, asubuhi lisuguliwe kwa mswaki na dawa ya meno, lirudi jeupe, na watoto wajionee faida ya usafi. Lakini Maungu mayai meupe ya kienyeji huchemshwa na kuliwa na madereva wa malori kabla hayajafika dukani. Dukani kuna ya kuku wa gredi, wale wa kisasa wa biashara, ya kahawia. Ndila akajiambia yai ni yai, akanunua sita, akayalaza ndani ya chai.

Asubuhi mwanafunzi mmoja, Kituku, akapewa mswaki. Alisugua kama anayesugua viatu vya Jumapili. Chai ikatoka, kahawia ikabaki. Akaongeza dawa. Ikabaki. Yai la tatu likampasukia mkononi, ute ukatiririka dawatini, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Haya yamekaa sana bila kupigwa mswaki," Kituku akatoa uamuzi. "Kama meno ya Shantel."

Shantel wa dawati la mbele, ambaye kwao pia huchota maji kisimani, akafunika mdomo kwa kiganja. Ndila aliujua mkono ule. Angeweza kusema "nyamazeni" na wangenyamaza. Siri yake ingebaki salama, naye Shantel angeitwa mchafu hadi amalize shule. Aliogopa kuliko anavyoogopa wakaguzi.

Akaweka kitabu chini.

"Yai hili liliingia rangi likiwa bado tumboni mwa kuku," akasema. "Hata ulisugue mpaka Krismasi. Na haya," akafungua mdomo wote, "yaliingia rangi yakiwa bado ndani ya ufizi, kwa maji niliyokunywa nikiwa mdogo. Napiga mswaki asubuhi na jioni."

Watoto arobaini wakasogea. Kituku alisogea zaidi, akakagua juu, akakagua chini, akaomba mwalimu ageukie dirishani kwenye mwanga.

"Ni safi," akawaripotia wenzake. "Ni rangi tu."

Shantel akateremsha mkono polepole.

"Sasa mwalimu, ulikuwa unayaficha kwa nini?" akauliza.

Swali hilo halikuwamo kitabuni.

"Nilikuwa mjinga," Ndila akasema.

Watoto wakainamia madaftari. Chini ya neno Matokeo, kila mmoja akaandika kwa mwandiko wake bora: Mwalimu alikuwa mjinga. Ndila akapita dawati kwa dawati na kalamu nyekundu, akisahihisha. Wote walipata.