Kitambaa cha Pamba

Nimefunga milingoti ya mashua hapa bandari ya Lorient, Ufaransa, miaka thelathini na minane, na sijawahi kubishana na mteja kama nilivyobishana na binti yangu Rozenn. Jumamosi alikuwa aondoke peke yake kwa mashua yake kwenda visiwa vya Azores, na alitaka nitoe fito za chuma zilizoshikilia mlingoti wake nimwekee waya wa kusokotwa.

"Waya?" nikamwambia. "Unataka kufunga mashua ya mashindano kama banda la kuku? Ufito hauvutiki, mama."

"Waya ukitaka kukatika unakuambia, Baba. Uzi mmoja unachomoka, unakuchana kidole. Ufito unasema nini?"

"Hauna la kusema. Nilizikagua mwenyewe Aprili. Nilipitisha kitambaa cha pamba juu mpaka chini, hakikunasa popote."

"Kitambaa ni cha waya, hunasa uzi uliochomoka. Ufito hauna uzi."

Hilo lilinichoma. Mtoto niliyemfundisha kufunga fundo ananifundisha kazi! Mlingoti ulikuwa umelazwa uani, nikachukua spana. "Njoo nikufunge mdomo," nikasema, nikaanza kufungua kikombe cha chini ambamo kichwa cha ufito, ile ncha yake nene, hukaa.

Ufito ukatoka bila kichwa.

Kichwa kilibaki ndani ya kikombe, kidogo kama kifungo cha koti. Pale kilipokatikia palikuwa na kutu ya zamani, karibu pote. Sehemu moja tu iling'aa, nyembamba kama ukucha. Hiyo ndiyo niliyoikata sasa hivi kwa spana, na hiyo ndiyo iliyotushikilia Jumapili.

Jumapili iliyopita tulitoka kisiwa cha Groix na upepo mkali, kwa mashua hiyohiyo. Rozenn alitaka kupunguza tanga, mimi nikamwambia aache woga, chuma hiki hakijui kuchoka. Alikuwa amekaa chini ya mlingoti, anakula mkate.

Nikakaa kwenye ndoo. Nilimsubiri anicheke. Heri angenicheka.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Ningekuua."

Alikuwa anakigeuzageuza kile kichwa kiganjani. Kisha akaniuliza polepole, "Baba, Aprili ulipitisha kitambaa hicho kwenye mashua ngapi?"

"Zenye fito? Sita."

"Ziko wapi?"

Nne zilikuwa hapa bandarini, nilikuwa naziona kutoka pale nilipokaa. Nikaanza kutafuta simu mifukoni niwapigie wenye zile mbili zilizokuwa baharini, Rozenn akaja kunitolea.