Basi Nenda Hull

Sughra alikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa chapati, mumewe alipokuja kumwomba ruhusa kwa mara ya tisa tangu waamke. Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, mwishoni mwa Novemba. Abdulsultan alikuwa amevaa suti yake ya kijivu na tai, koti la baridi amelikunja mkononi.

"Mama Amreen, nikubalie. Navroz anatoka zamu saa tisa. Asiponikuta getini atadhani nimemsahau."

"Navroz alishakufa, Baba Amreen."

"Nani kakuambia?"

Mara nane alikuwa amemjibu kwa upole. Alimkalisha, akampa chai, akamwonyesha picha, akambadilishia mazungumzo kama nesi alivyomfundisha. Usiku uliopita alilala kwa muda wa saa mbili tu, kwa sababu mzee aliamka mara kwa mara kutafuta viatu. Mara hii ya tisa kitu ndani yake kilikatika.

"Basi nenda," alisema. "Nenda huko Hull, na mimi nipumue."

Akaingia bafuni, akafunga mlango kwa ndani na kufungulia maji ya bomba ili asisikie sauti ya mtu yeyote. Alikaa juu ya kifuniko cha choo, macho ameyafumba. Alipotoka ilikuwa imepita karibu nusu saa. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na Abdulsultan hayupo.

Walikuwa wakiishi Flemingdon Park, mtaa wa Toronto, ghorofa ya kumi na moja, katika jengo ambalo Sughra alilizoea kiasi cha kujua lifti ipi hukwama siku za baridi. Abdulsultan alikuwa na miaka sabini na tatu. Alitoka Morogoro akiwa kijana wa ishirini na mbili, yeye na mdogo wake Navroz, na kazi yao ya kwanza Kanada ilikuwa kwenye kiwanda cha karatasi huko Hull. Siku hizi Hull ni sehemu ya Gatineau, mji ulio ng'ambo ya mto, ukiutazama mji mkuu, Ottawa. Upande mmoja wa daraja watu wanaanza na Kiingereza, upande wa pili wanaanza na Kifaransa, na wengi wanazijua zote mbili. Ndugu hao wawili walikaa huko miaka minane, zamu za kupishana, kitanda kimoja. Majira ya baridi ya mwaka themanini na moja gari la Navroz liliteleza kwenye barafu, akafa papo hapo. Abdulsultan alihamia Toronto, akaoa, akafungua duka la miwani, akapata binti. Habari za Hull hakuzitaja tena mpaka ugonjwa wa kusahau ulipomwanza, miaka miwili iliyopita. Tangu hapo ulimfutia duka, ukamfutia Kiingereza chake karibu chote, ukamwachia Kiswahili, Kikachi cha wazazi wake na Hull.

Sughra alishuka mbio bila kuvaa soksi. Alitazama kituo cha basi, duka la dawa, na njia inayoteremka bondeni kwenye mto Don. Nkirote, jirani yao kutoka Meru, alimkuta mlangoni mwa jengo akitetemeka.

"Mama, wacha mimi nizunguke huku nyuma na kule kwa shule," Nkirote alisema. "Wewe rudi kwa nyumba, ukae karibu na simu. Akirudi asikose mtu."

Amreen, binti yao, alifika kutoka Agincourt, mtaa mwingine wa Toronto, akiwa bado amevaa koti jeupe la duka la dawa anakofanya kazi. Yeye ndiye aliyeita polisi. Askari kijana aliyekuja alikaa kwenye kochi, akafungua daftari.

"Mumeo alisema lolote kabla ya kutoka? Mahali anapopenda kwenda?"

Sughra alimtazama binti yake. Alikuwa na jibu kwenye ulimi. Lakini jibu lile lingeleta swali la pili: na wewe ulimwambiaje?

"Hapana," alisema. "Hakusema kitu. Nilikuwa bafuni."

Siku nzima wakatafuta bondeni. Watu wa jamatkhana, nyumba yao ya ibada, wakaja, wanaume kwa wanawake, wakapita vichakani wakimwita. Joto lilishuka chini ya sifuri. Kila walipomwita kule bondeni Sughra alijua kwamba wanapoteza muda, na kila saa iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Alijifariji kwamba mtu asiyekumbuka jina la mtaa wake hawezi kufika mji ulio mwendo wa saa tano. Pengine kweli alikuwa bondeni. Pengine angetokea tu, na yale maneno yasijulikane na mtu.

Hakutokea.

Alfajiri Sughra alitandika mswala wake akashindwa kusali. Alikwenda jikoni, Amreen alikokuwa akichemsha maji, akasema akiwa amesimama.

"Baba yako amekwenda Hull."

"Mami, nani kakuambia?"

"Mimi ndiye nilimwambia aende. Aliniomba ruhusa, nikachoka. Nikamwambia basi nenda, nikajifungia."

Amreen alichukua simu, akafungua akaunti ya benki ambayo yeye na baba yake walikuwa wakiitumia pamoja. Vidole vyake vilikuwa vinakosea herufi. Kisha akaigeuza simu ili mama yake aone: jana, saa sita na dakika arobaini mchana, tikiti ya basi la kwenda Ottawa.

"Jana mchana," Amreen alisema kwa Kiingereza, polepole. "Jana mchana ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Amreen aliwapigia polisi wa Toronto, kisha wa Gatineau, kisha hospitali tatu. Hakuna aliyekuwa na mgonjwa wala maiti kwa jina la Abdulsultan. Saa moja asubuhi wakaingia garini.

Walipita mji wa Kingston theluji ikianguka pembeni, laini kama unga. Amreen aliendesha macho mbele. Mara moja tu alizungumza.

"Ungeniita. Usiku wowote, ungeniita, ningekuja."

"Una watoto wadogo, una kazi."

"Ungeniita, mami."

Sughra alikuwa akihesabu saa ambazo mzee alikuwa nje, na hesabu ilikuwa inamshinda kila ilipofika usiku.

Walivuka daraja karibu saa sita mchana. Mto ulikuwa mweusi, umeanza kuganda pembezoni. Anwani pekee aliyokuwa nayo Sughra ilikuwa nyuma ya picha ya zamani, Abdulsultan na Navroz wamesimama kwenye ngazi za nyumba ya mbao. Walipofika kwenye mtaa huo hapakuwa na nyumba ya mbao hata moja. Palisimama majengo marefu ya ofisi za serikali, na watu waliovaa beji shingoni walikuwa wakitoka kwenda kula. Mlinzi mmoja aliwasalimu kwa Kifaransa, akabadili na kutumia Kiingereza alipoona hawajaelewa. Alisema nyumba za hapo zilibomolewa kabla hajazaliwa.

"Kiwanda cha karatasi je?" Amreen aliuliza.

Aliwaonyesha chini, ukingoni mwa mto. Kilikuwa kimefungwa zamani.

Waliteremka kwa miguu. Kulikuwa na njia ya watembea kwa miguu, uzio wa chuma, na ng'ambo yake maji. Sughra ndiye aliyeliona. Kwenye uzio, limetundikwa vizuri kwa ukosi kama mtu anavyotundika nguo kabla ya kuanza kazi, palikuwa na koti la baridi la rangi ya kahawia. Theluji ilikuwa imejaa mabegani. Alitia mkono mfukoni, akatoa pochi ya mumewe.

Aliketi palepale kwenye theluji, koti kifuani, akayatazama maji.

"Nimemuua," alisema. "Amreen, nimemuua baba yako."

"Inuka, mami. Inuka, utaganda."

"Niache hapa."

Amreen alimshika kwapa akamvuta, na alipomwinua hakumwachia. Alipiga simu polisi kwa mkono mmoja. Mwanamke wa kituoni aliuliza maswali kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa: koti rangi gani, mahali gani, mzee ana umri gani. Kisha akawaomba wasubiri. Walisubiri dakika nyingi. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. Jana usiku, alisema, mfanyakazi wa kuondoa theluji alimkuta mzee karibu na geti la kiwanda, bila koti. Alipelekwa hospitali. Lakini mzee huyo anaitwa Navroz.

Hospitalini, mtu wa mapokezi alikuwa ameandika jina hilo kwa sababu ndilo neno pekee alilolishika katika maneno ya mzee. Madaktari walidhani anazungumza Kiarabu. Walimleta mkalimani wa Kiarabu, akasema sicho. Aliyeitambua lugha yake, saa mbili kabla ya wao kufika, alikuwa msaidizi wa wagonjwa, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyekuja kubadilisha mashuka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi walipofika.

"Mama, karibu. Jina yangu ni Nabintu, mimi natoka Bukavu," alisema. "Baba iko humu. Iko mzima. Nilisikia anasema 'geti, geti, nifungulieni geti,' nikashituka. Nikamwambia baba, hii ni lugha ya kwetu. Akalia, na mimi nikalia."

Sughra alimshika mikono yote miwili.

Abdulsultan alikuwa amelala chini ya mablanketi mazito, midomo imepasuka, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Daktari aliwaeleza nje ya pazia. Moyo wake ulikaribia kusimama. Sasa unapiga vizuri. Vidole vinne vya mkono wa kushoto na viwili vya kulia havitapona. Kuvua koti, alisema, ni jambo linalotokea: mtu akikaribia kufa kwa baridi huhisi joto. Amreen alisikiliza kama mtu wa dawa, akauliza maswali ya dawa, kisha akageukia ukuta.

Sughra aliingia peke yake. Mzee alifumbua macho.

"Mama Amreen," alisema. Sauti ilikuwa kama karatasi inayochanika. "Umekuja na basi?"

"Nimekuja na mtoto. Kwa gari."

"Kiwanda kimefungwa. Nimegonga sana." Alipumzika. "Wewe mtu mwema. Wengine wote walikataa, wewe ukaniruhusu."

Sughra aliinamisha kichwa chake kwenye reli ya kitanda. Alilia bila sauti mpaka nesi alipokuja kutazama mashine.

Sughra na mzee walikaa Gatineau siku kumi na tisa. Amreen alirudi Toronto kwa watoto na kazi, akawa anakuja kila Ijumaa jioni. Alimletea mama yake nguo, alimnunulia chakula, alizungumza na madaktari. Lile jambo la Jumanne hakulitaja tena, na Sughra hakujua kama ni msamaha au ni kuchoka. Nabintu alimpa chumba nyumbani kwake, nyumba ndogo yenye watoto watatu wanaotukanana kwa Kifaransa na kuomba radhi kwa Kiswahili mama yao anapowatazama. Asubuhi Sughra na Nabintu walipanda basi pamoja kwenda hospitali. Vidole vilikatwa siku ya sita. Abdulsultan aliuliza mara nyingi vimekwenda wapi.

Siku ya kumi na saba ofisa wa ustawi wa jamii aliwaita. Alikuwa mwanamke mpole mwenye faili la njano. Alitaka kujua kama mgonjwa akiruhusiwa atarudi kwenye nyumba ya ghorofa ya kumi na moja, na nani atamtunza. Alisema wanaweza kuzungumza Kiingereza au Kifaransa, vyovyote mama atakavyopenda.

Amreen, aliyekuwa amekuja siku hiyo, alianza kujibu. Alisema watapanga zamu, atapunguza saa za kazi, watanunua kengele ya mlangoni. Alisema mama yake ni mtu mwenye nguvu.

Sughra alimgusa mkono. Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha cha dukani na cha hospitalini, lakini kwa neno hili hakikumjia. Alimgeukia Nabintu, aliyekuwa ameombwa kukaa nao.

"Mwambie siwezi," alisema kwa Kiswahili. "Mwambie nampenda, nimekaa naye miaka arobaini, na siwezi. Nikirudi naye nyumbani nitamwambia tena aende. Najijua."

Nabintu alitafsiri kwa Kifaransa. Ofisa hakuinua nyusi wala hakumkaripia. Alifungua ukurasa mwingine wa faili, akaanza kuandika. Amreen alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Baada ya muda alisogeza kiti chake karibu na cha mama yake, akauliza kwa Kiingereza karatasi ya kuombea nafasi nyumba ya wazee ya Toronto inapatikana wapi, na foleni yake ina urefu gani.

Ofisa alisema miezi minne, labda mitano. Mpaka hapo watamtafutia kitanda hospitali ya kule kwao. Sughra aliomba kalamu, akaandika jina la mumewe kamili, herufi moja moja, kwenye mstari wa karatasi ya maombi aliouonyeshwa.