Paa Mmoja

Watu wa Temeke waliliita gari langu Bakuli, na sikuwakataza. Lilikuwa gari dogo la viti viwili, jekundu, lililotengenezwa Ulaya kwa vijana wanaopenda mbio, na halikuwa na paa. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mzungu mpima ardhi. Zamani lilikuwa na turubai la kukunjua, lakini panya walilitafuna na mbavu zake za mbao zikaliwa na mchwa, na Mzungu alipofungasha kurudi kwao mwaka hamsini na mbili hakupatikana mtu wa kulitaka. Nililitaka mimi, Felicitas, mkunga wa zahanati, mwanamke wa Kihaya asiye na mume. Kaka yangu kule Bukoba alikuwa ameuza kahawa yake vizuri mwaka ule. Alinisaidia kulinunua, akaniandikia barua: usije ukaniambia umelowa.

Nimelowa. Nimelowa masika, nimelowa vuli, na kiangazi nimekula vumbi la barabara ya Kilwa mpaka meno yakasaga. Lakini nililiendesha kila siku ya Mungu. Fundi alinitobolea matundu mawili sakafuni maji yapate pa kutokea. Jua likiwaka nilitandika gunia kitini, maana ile ngozi ilikuwa inaunguza. Mvua ikija nilivaa koti la mpira, nikafunga kitambaa kichwani, na mkoba wangu wa kazi nikauviringisha kwenye shuka la mpira chini ya kiti. Vifaa vyangu havikulowa hata siku moja. Mimi mwenyewe nilikauka baadaye.

Nasema haya kwa sababu mpaka leo wapo wanaosema nilikuwa naringa. Waseme. Kabla ya gari nilikuwa nakwenda kwa miguu, na mwaka hamsini na moja niliitwa Mtoni kwa Adelina, mke wa Kasiani, Mmakonde mchonga vinyago. Nilitembea upesi kadiri nilivyoweza. Nilipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa, na hakulia. Jirani mmoja alikuwa amemshika tu, hajui afanye nini. Labda ningefika nusu saa kabla ningemwokoa, labda nisingemwokoa. Hilo "labda" nililala nalo mwaka mzima, na ndilo lililoninunulia gari.

Basi Januari mwaka hamsini na nne ikaja amri mpya. Mtumishi yeyote anayetumia gari lake kazini lazima apate kibali, na ili apate kibali lazima ajaze fomu. Ukikutwa kazini na gari lisilo na kibali, unaachishwa.

"Dada Felicitas," aliniambia Didas, "swali la saba litakuangusha."

Didas alikuwa karani wa ofisi yetu, mtu wa Bukoba kama mimi, kola yake imepigwa wanga mpaka inasimama yenyewe. Fomu ile ilitoka kwa Kiingereza, na yeye ndiye aliyeigeuza Kiswahili. Aliipenda kuliko chakula. Akaniwekea kidole penye swali la saba: Je, gari lina paa?

"Na wewe unajua halina," nikasema.

"Basi liwekee."

"Niliwahi kuliwekea, Didas. Fundi wa Kariakoo alinishonea turubai, likachomoka kwa upepo likanifunika uso, nusura niingie mtaroni. Sitaki tena."

"Basi uza, ununue baiskeli." Akapunguza sauti. "Gari lile, dada, si la mwanamke. Wala si la mtu mweusi, ukitaka nikwambie wanavyosema huko ndani."

"Nani kasema?"

Akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Nilichukua fomu nikatoka, hata kuaga sikuaga.

Siku hiyo nilikuwa na zamu ya kumpima Adelina, aliyekuwa na mimba nyingine ya miezi mitano. Njia nzima nilikwenda nikijisemea kama mwehu: lina paa, halina paa, lina paa. Nilipofika Mtoni nilimkuta Kasiani amekaa kwenye jamvi, patasi mkononi, vipande vya mpingo vimezagaa miguuni. Adelina aliniamkia kwa ndani, "Shikamoo, mama mkunga," nami nikaitikia marahaba bila kumtazama, kwa kuwa nilikuwa natazama kile alichokuwa anachonga mumewe. Kilikuwa na miguu minne myembamba na pembe mbili fupi.

"Kasiani, huyo ni nani?"

"Huyu? Paa tu, mama. Wazungu wa meli wanampenda."

Nilicheka mpaka Adelina akatoka nje kuniangalia.

"Nichongee mmoja," nikamwambia Kasiani. "Nataka umkaze kwenye pua ya gari, asing'oke."

Kasiani hakuuliza sababu. Wachongaji wamezoea watu wenye mambo yao. Aliuliza jambo moja tu: "Anayelala au anayeruka?"

"Anayeruka."

Nilipotaka kujua atanidai nini, alitupa jicho kwenye tumbo la mkewe. "Wewe uje tu mwezi wa tano," akasema. "Uje mapema."

Wiki iliyofuata paa alikuwa ameshakaa mahali pake, mweusi, kifua mbele. Ndipo nikajaza swali la saba kwa wino, polepole, kwa mwandiko wangu wa shule ya masista: Ndiyo, mmoja.

Didas aliipokea pamoja na fomu nyingine. Aliona "Ndiyo" akashangaa, akadhani nimemsikiliza, akaniambia hongera. Fomu ikaingia kwa Bwana Wetherby, mkuu wa ofisi. Huyo alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa serikali, na tangu hapo alikuwa anasahihisha hata salamu za watu. Fomu ilirudi na kibali, sahihi imetiwa, muhuri umegongwa. Penye "mmoja" palikuwa pamepigwa mstari mwekundu, juu yake pameandikwa "moja", na pembeni maneno haya: Watu wa Bukoba wajifunze Kiswahili.

Nikakikunja kibali nikakitia mkobani.

Katikati ya Aprili mtu akampelekea mkuu maneno kwamba Bakuli bado liko wazi. Bwana Wetherby alikuja zahanati asubuhi, ndani ya gari lake lililofunikwa vizuri, Didas kiti cha nyuma. Mvua ilikuwa inamwagika. Bakuli limeegeshwa uani, maji yanatiririka kwenye matundu ya fundi. Barazani wajawazito walikuwa wamejaa, wengine wamekaa chini. Bwana alisimama katikati yao na mwavuli wake.

"Uliandika kwamba gari lina paa," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka.

"Ndiyo, Bwana."

"Liko wapi?"

"Yupo pale mbele, Bwana."

Akatazama. Alimwona paa wa mpingo anaruka na mvua, maji yanamdondoka pembeni. Akamgeukia Didas. Didas alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mimi niliandika mmoja," nikasema. "Bwana ndiye aliyekata akaandika moja. Nikadhani wenye cheti wanajua zaidi, nikanyamaza."

Mama mmoja barazani akacheka. Akajiziba mdomo kwa kanga, lakini mwenzake alikuwa ameshadakia, na kicheko kikaenda mpaka mwisho wa benchi. Masikio ya Bwana yakawa mekundu.

"Naweza kukifuta kibali hiki sasa hivi."

"Unaweza, Bwana. Naomba tu sababu iandikwe. Iandikwe kwamba mkunga alisema mmoja, ukamsahihisha."

"Huu ni utani! Na mvua je? Mkunga aliyelowa anafaa nini?"

Nikautoa mkoba chini ya kiti cha gari, nikauleta barazani, nikaufungua mbele yake. Pamba ilikuwa kavu. Mkasi, nyuzi, vitambaa, vyote vikavu. "Mvua inaninyeshea mie," nikasema, "kazi hainyeshei. Tangu Januari sijaitwa mahali nikakosa kufika. Gari lako lina paa zuri sana, Bwana, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliona hapa."

Akasema kibali kinakwisha Desemba, na mwaka ujao tutaona. Walipoondoka nikakaa palepale chini na wajawazito wangu. Niliogopa sana siku ile, na sioni haya kusema. Lakini ningeulizwa tena ningejibu vilevile.

Mwezi wa tano, saa nane mchana, Kasiani alikuja anakimbia, amelowa chapachapa. Mvua ya siku hiyo watu wa Temeke walifunga madirisha. Nilimpakia, tukaenda maji yakiturukia pande zote mbili, na nilifika mapema kama nilivyoagizwa. Mtoto alitoka mikononi mwangu mwenyewe, wa kiume. Na hakulia.

Nilimsafisha kinywa. Nilimsugua mgongo, nikampiga nyayo, nikampulizia. Alikuwa anavuta pumzi ndogo tu, za kukatikakatika, rangi yake mbaya. Adelina alikuwa ananitazama usoni, na naujua uso ule, niliuacha hapohapo miaka mitatu nyuma. Nikasema, hospitali, sasa hivi.

Tulimweka Adelina kwenye kiti, mtoto kifuani kwake ndani ya kanga mbili. Kasiani alipanda nyuma, pale turubai lilipokuwa linakunjwa zamani, akawafunika kwa jamvi lake la kazi. Nikakanyaga mafuta. Nilikuwa naendesha na kusali na kutukana, yote kwa pamoja. Karibu na Kurasini upepo ukalipokonya jamvi mikononi mwa Kasiani, likaruka, na mvua yote ya Mungu ikamwangukia mtoto usoni.

Akalia.

Nilizima injini katikati ya barabara ili nimsikie. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa, ngumi juu. Adelina alikuwa anacheka na kulia. Kasiani aliteremka akamshika paa wake pembe, akasimama hivyo kwenye mvua, mabega yanamtikisika. Sisemi mvua ndiyo iliyomwamsha. Daktari alisema huenda angelia tu. Nasema kwamba mimi nilikuwepo, na nilimsikia.

Januari iliyofuata Didas alinipa fomu mpya bila kunitazama. Swali la saba lilikuwa limerefushwa: Je, gari lina paa la kuwakinga abiria na mvua?

"Safari hii nimetia 'la', dada," akasema kwa huzuni. "Mnyama hapiti hapo."

Nilichukua kalamu nikaandika: Hapana. Abiria wangu alinyeshewa, akalia.

Didas alisoma, akasoma tena. Habari za mtoto wa Mtoni alikuwa nazo, nani hakuwa nazo?

"Bwana atauliza ni abiria gani huyo."

"Mwambie aende kwa Kasiani akamsikilize."

Akaichukua fomu akaingia nayo ndani, na kwa mara ya kwanza niliona kola yake imelegea. Alikaa huko muda mrefu, na sauti yake nikaisikia zaidi ya ile ya Bwana. Ilipotoka ilikuwa na kibali cha mwaka mzima, na Bwana Wetherby hakusahihisha neno hata moja.